Kilichoanguka ni Chao

Watu wakiniuliza Bonosa alikuwa mtu wa namna gani, huwa nawaambia alikuwa mwanamke asiyeweza kumfukuza mtu mlangoni. Alipika dengu na kuziuza kwenye lango la chini la mji wetu, upande wa barabara iendayo Roma. Kama ulifika huna kitu mfukoni ulikula vilevile, ila ulitukanwa kidogo. "Kaa hapo, mla bure wewe, nafasi ipo," angekuambia huku anakujazia bakuli. Nafasi ipo. Hilo ndilo neno nililolisikia kinywani mwake kuliko jingine lolote, nami nilikaa naye ukuta kwa ukuta tangu tulipoolewa, tukitumia tanuri moja la mkate, tukigombania zamu ya kuni na kupatana kabla mkate haujaiva.

Sasa amelala chini ya ukuta wa kanisa, na vijana wanaopita pale wanadhani alizaliwa Mkristo. Wanadhani pia kwamba sisi wa zamani tulikuwa wajinga tuliokuwa tukitetemeka mbele ya mawe. Maneno hayo yananiudhi sana. Hakuna aliyekuwa akitetemeka jikoni kwa Bonosa, labda mumewe.

Juu ya meko yake palikuwa na shubaka ukutani, na ndani ya shubaka walisimama wavulana wawili wa shaba, urefu wa kiganja, kila mmoja ameinua pembe ya divai na kutanguliza mguu kama anayetaka kucheza. Hao ndio Walari, miungu wa nyumba, walinzi wa jiko na ukoo. Kila nyumba ilikuwa na Walari wake. Bonosa aliwarithi kwa mama mkwe wake, akawaita "wavulana wangu", na kila asubuhi aliwaamkia kabla ya kumwamkia mumewe Venerio, jambo ambalo Venerio alilinung'unikia hadi siku anakufa. Mwezi ulipoandama aliwavika mashada ya maua.

Wala hawakuwa peke yao. Kulikuwa na bibi wa chemchemi yetu, wa udongo, aliyevunjika mkono. Kulikuwa na mungu wa kike wa Misri aliyeachwa na askari mmoja mgonjwa aliyelala pale kwa Bonosa hadi akapona. Kulikuwa na mwingine wa farasi, ambaye mchunga nyumbu mmoja aliapa kwamba anazuia mafuriko. Bonosa hakuuliza maswali. Alisogeza waliokuwapo, akamweka mgeni, akasema nafasi ipo.

Mezani kwake sheria ilikuwa moja. Chakula kikianguka chini, hukipulizi vumbi ukakila, wala humtupii mbwa. Kilichoanguka ni chao. Watu wote wananyamaza, mtoto wa nyumba anakiokota, anakitia motoni, na kikianza kuungua anageuka na kupaza sauti, "Wameridhika!" Hapo ndipo watu wanaendelea kula.

Mtoto wa nyumba ile alikuwa Ursino, mwana pekee wa Bonosa aliyekua. Alikuwa na sauti ya jogoo. Aliupenda ukelele ule hata akawa anaangusha mkate kwa makusudi, akidhani hatumwoni.

"Wewe!" Bonosa alikuwa akimwambia. "Wavulana wangu watavimbiwa!"

"Lakini wameridhika, mama."

"Hata mimi ningeridhika, kwa mkate wote huo."

Kisha ukaja mwaka wa homa. Venerio alikufa mwanzoni kabisa. Bonosa na Ursino walilala chini upande ule wa ukuta, mimi na wanangu upande huu, na hapakuwa na hata mmoja wetu wa kusimama kwenda kisimani. Kuhani wa hekalu la chemchemi alifunga lango akaenda zake shambani. Simlaumu, hakuwa mtu mbaya. Kazi yake ilikuwa kuchinja mbuzi na kusoma matumbo yao, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kubeba maji ni kazi yake pia.

Aliyeleta maji alikuwa Gaudioso, shemasi wa Wakristo, mtu mnene mwenye pumu, pamoja na wajane wake wenye nguo nyeusi. Tulikuwa hatuwapendi watu hawa. Walikuwa hawaji kwenye karamu zetu, na waliutazama moshi wetu kama watu walionusa choo. Lakini waliingia. Walitunywesha, wakatuosha, wakafua matandiko ambayo mimi mwenyewe nisingeyagusa, wakamzika Venerio vizuri kana kwamba ni mtu wao. Mjane mmoja alishikwa na homa yetu akafa. Kesho yake akaja mwingine kushika ndoo.

Ursino alipopona alikuwa ameanza kuota ndevu. Alisimama, akaichukua ndoo moja ya wale wajane, akamfuata Gaudioso nyumba kwa nyumba. Hakurudi tena kuwa yule wa zamani. Alipata kazi ya kuosha sufu mtoni, na Jumapili akawa anasimama nyuma kanisani na wale ambao bado hawajabatizwa. Baadaye akamwoa Projekta, binti wa Wakristo tangu bibi yake, msichana mpole mwenye kicheko cha ghafla.

Bonosa alifurahi mno. "Mungu aliyeleta maji?" aliniambia tukikanda unga. "Huyo si wa kumwacha nje, shoga. Aingie tu."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo lingeweza kufanywa na yeyote kati yetu.

Kwetu, mwishoni mwa Februari, zikiisha siku za kuwalisha wafu makaburini, huja Sikukuu ya Ndugu. Wafu wameshakula, sasa walio hai wanakaa meza moja watazamane, waone nani bado yupo. Ugomvi wowote wa mwaka unaishia hapo. Asiyekuja kukaa siku hiyo, na hana homa wala safari, amejitoa kwenye ukoo. Bonosa hakuwa na ukoo mkubwa. Alikuwa na Ursino na mkewe, na mimi jirani, kwa sababu nafasi ipo.

Miaka ya kwanza Ursino alikuja na kukaa. Aligusa tu chakula ambacho hakikutolewa kwanza kwa wavulana, na mkate ukianguka aliufunika kwa unyayo wake hadi meza iondolewe. Mama yake alimwona. Aliamua kwamba tatizo ni moja tu: mgeni wa mwanawe hajakaribishwa ndani.

Basi mwaka ule alikwenda kwa mfinyanzi akanunua taa mpya ya mafuta yenye alama ya Kristo mgongoni. Aliiweka shubakani katikati ya wavulana wawili, akaijaza mafuta ya zeituni ya daraja la kwanza, akaivika shada la maua ya zambarau. Aliitazama kazi yake akanyoosha kiuno. Sijawahi kumwona ametosheka namna ile.

Ursino aliingia, akainua macho, akasimama palepale.

"Mama, hii ni nini?"

"Taa yake. Ya Kristo wako. Mfinyanzi ameniapia kwamba alama ndiyo yenyewe. Nimemweka katikati, mahali pa heshima, hata yule Mmisri nimemsukuma pembeni."

"Umemvika shada."

"Ulitaka nimbague? Wenzake wote wanalo."

Projekta aliziba mdomo kwa ushungi. Sikujua kama analia au anacheka.

"Mama," Ursino alisema taratibu, "Yeye hana wenzake."

"Maskini," alisema Bonosa, na alimaanisha. "Si ndiyo maana nimemtafutia."

Hapo Projekta akacheka kweli, kile kicheko chake cha ghafla, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu. Uso wa Ursino uliiva. Akasema kwamba amechoka kuficha mkate chini ya mguu kama mwizi. Akasema mkewe ana mimba, na mtoto wake hatalelewa akitupa chakula motoni kwa ajili ya vipande viwili vya shaba.

"Wakiwapo hao, sisi hatupo. Chagua, mama."

"Nichague nini?" Bonosa aliuliza. Alikuwa haelewi kabisa. Maishani mwake hakuwahi kuambiwa achague mungu, kama vile mtu hawezi kukuambia uchague kati ya mvua na jua.

Waliondoka. Nyama ya nguruwe ikaganda kwenye sahani. Bonosa alikaa akiitazama taa.

"Verekunda," aliniambia, "nimekosea wapi?"

"Labda shada lilikuwa kubwa mno," nilisema.

Gaudioso alikuja kula dengu kwenye lango majuma machache baadaye. Alikuwa akija mara kwa mara, na alikuwa akilipa. Bonosa alimwekea bakuli, akabaki amesimama mbele yake na mwiko mkononi.

"Shemasi, nikuulize neno."

"Uliza, mama."

"Siku ile bwana wako alipokutuma uniletee maji, alikuuliza kwanza nina nani shubakani?"

"Hakuniuliza."

"Mbona sasa anauliza?"

Gaudioso alitafuna polepole. Pumu yake ilikuwa ikisikika. "Mgonjwa haulizwi kitu, mama. Anayeulizwa ni mtu wa nyumbani."

"Ana wivu huyo bwana wako."

"Anao," alisema shemasi akicheka. "Wala hafichi. Anasema mwenyewe."

"Wavulana wangu hawana wivu. Niliwaletea Mmisri, hawakununa. Niliwaletea yule wa farasi, na farasi sina. Wamekaa tu, wametabasamu."

"Ndiyo," alisema Gaudioso. "Lakini wamewahi kukutaka? Wewe, Bonosa, kwa jina lako?"

Bonosa akageuka kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Mimi nilikuwa nasuuza bakuli nyuma yake, na jibu nililokuwa nalo lilikuwa la matusi, nikalimeza.

Nimelitafakari swali lile miaka mingi. Siku hizi watu wanasema ni Kaisari aliyewaondoa miungu, na ni kweli alifunga mahekalu, akakataza moshi hata ndani ya nyumba za watu. Lakini mji wetu haukuona askari hata mmoja akichungulia jiko la mtu. Wengine wanasema ni miujiza. Mimi sikuona muujiza zaidi ya ndoo. Nilichokiona ni hiki: ukimpa mmoja wetu mungu mpya, alimweka kando ya wale wa zamani, akaendelea na shughuli zake. Ukimpa yule wa Gaudioso, ilibidi awatoe wengine wote. Sisi tulikuwa tunaongeza, wao walikuwa wanapunguza, shubaka moja baada ya jingine, na mtoto aliyezaliwa chini ya shubaka tupu hakujua hata kwamba kuna kitu kimeondolewa. Miungu wetu hawakupigana, maana hawakuwahi kutudai tuwapende. Tulipowaacha hawakuita hata mtu mmoja arudi.

Mtoto alizaliwa kiangazi, msichana, wakamwita Redempta. Bonosa hakuitwa. Alipata habari mtoni, kwa wanawake wengine, akarudi nyumbani akalala bila kula. Alikuwa mtu wa kulia hadharani, lakini hilo hakulilia, nami nikaogopa.

Siku moja tulimkuta Projekta kwenye josho la nguo, mtoto amefungwa kifuani. Alitazama huku na huku, kisha akamfungua akampa bibi yake.

"Mama, mimi sina neno nawe," alisema. "Ningekuja kesho. Ni huyo mwanao, amekuwa mkali kuliko shemasi mwenyewe. Anasema akilegeza kidogo tu atarudi alikotoka."

"Arudi wapi? Kwangu?"

Projekta akainamisha kichwa.

Redempta alikamata kidole cha Bonosa akakitia mdomoni. Alikuwa na paji la uso la Venerio, lile lile pana. Bonosa alimshika hadi nguo zote zikafuliwa, akambembeleza kwa nyimbo ambazo mtoto yule hakutakiwa kuzisikia, kisha akamrudisha.

Katikati ya majira ya baridi alinigongea ukutani. Nilimkuta jikoni amewashusha wote, amewapanga mezani. Alikuwa amewaogesha. Bibi wa chemchemi, Mmisri na yule wa farasi alikwisha kuwatia kapuni. Hao angewapeleka chemchemini, kwani maji yale, alisema, yalikuwa hayajabatizwa na mtu. Wavulana wawili alikuwa akiwaviringisha kwa kitambaa cha sufu, mmoja mmoja, akiwafunika miguu vizuri.

"Nisaidie kuinua lile jiwe nyuma ya tanuri," alisema.

"Bonosa, una hakika?"

"Sina. Shika upande ule."

Alikuwa amechukua chungu chake kizuri cha dengu, kile kisichovuja. Akawalaza ndani, akawatilia na jani la mlorili lenye harufu nzuri. Akapiga magoti, kazi ngumu kwa magoti yale, akaongea nao kama anavyoongea na wateja.

"Msinikasirikie. Nyinyi mna umri mrefu, mnaweza kungoja. Mimi siwezi. Yule mtoto anaota meno."

Akanyamaza kidogo, kana kwamba anawapa nafasi ya kusema. Nami nakiri niliinamia shimo nikasikiliza. Laiti wangesema lolote, hata tusi. Nilitamani wamkataze. Alifunika chungu, tukarudisha jiwe, na jioni tukaoka mkate kama kawaida.

Kisha akamtuma mtu kwa Ursino amwambie kwamba shubaka ni tupu, imebaki taa tu, bila shada.

Sikukuu ya Ndugu walikuja wote. Ursino aliingia wa kwanza, akatazama juu ya meko, akamkumbatia mama yake kwa nguvu hata ushungi ukamwanguka. Akaja Projekta na mtoto, na Gaudioso akaja pia, kwa sababu Ursino alikuwa abatizwe Pasaka na shemasi ndiye atakayemsimamia. Alileta jibini. Bonosa alikuwa amepika dengu kwa nyama ya nguruwe, mkate wa ngano nyeupe na zeituni. Alikaa kichwani pa meza na mjukuu magotini, akimlisha dengu zilizopondwa, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyepata alichotaka. Nilikuwa nimekuja na hasira zangu, nikaziweka chini.

Tulikula vizuri. Gaudioso alisimulia habari ya askofu aliyeanguka kutoka kwa punda, Projekta akacheka kile kicheko chake, na safari hii hakikuharibu kitu. Ursino alikuwa akiongea huku na huku, amelegea, mashavu mekundu kwa divai, mikono ikiruka. Akamega mkate, akageuka kumjibu shemasi, na kipande kikamponyoka kikaanguka sakafuni.

Sijui ni nani aliyenyamaza kwanza. Nadhani ni mimi na Bonosa, kwa mazoea tu. Meza nzima ikanyamaza.

Katika kimya kile Ursino aliinuka. Hakufikiri, niliuona uso wake, ulikuwa uso wa mtoto. Aliinama, akakiokota kipande, akaenda moja kwa moja hadi kwenye meko akakitia motoni. Akangoja kianze kuungua. Kisha akageuka, akatutazama, akapaza sauti kama jogoo:

"Wameridhika!"

Moto ulisikika. Projekta alikuwa ameshika kikombe nusu ya njia. Gaudioso aliinamia bakuli lake, akawa anachunguza dengu moja baada ya nyingine. Ursino alisimama palepale, mkono bado umenyooka, na rangi ikamtoka usoni alipojua alichofanya. Akainua macho shubakani. Hapakuwa na mtu wa kumtazama.

"Hawapo, mwanangu," alisema Bonosa, bila ukali wowote, kama anayeniambia kuni zimekwisha. "Ulisema niwatoe, nikawatoa. Njoo ukae, chakula kinapoa."

Alikuja akakaa. Aliweka uso mikononi akalia, mtu mzima mwenye ndevu, na hakuna aliyemzuia. Shemasi aliweka mkono mzito mgongoni mwake akauacha hapo. Redempta alitazama watu wote mmoja mmoja, kisha akarudi kwenye dengu zake.

Ursino alipoweza kusema, hakuomba msamaha kwa shemasi. Alimgeukia mama yake, akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Umewaweka wapi?"

Bonosa alinitupia jicho. Kisha akachukua mwiko, akamwongezea mwanawe bakuli.

"Mahali pakavu," alisema. "Kula."